Maneno Yangu Ukutani

Mpendwa Furaha, binti yangu wa kazini,

Unisamehe kwa kukaa kimya tangu ulipoacha kazi. Nimekuwa nikijiambia kwamba mtandao wa Bunia hauaminiki, lakini wewe unajua kwamba huo si udhuru.

Nakumbuka miezi yako ya kwanza. Ulikuwa unasogeza kiti chako karibu na changu, nami nikikagua msimbo wa programu zako mstari kwa mstari, nikisahihisha hata nafasi tupu. Hukuchukia. Siku moja, tukila mahindi ya kuchoma, uliniuliza: "Muzee, na weye, nani alikuwa anakukagua?" Nikajibu kwamba hakuna. "Ah, ndiyo maana weye iko mukali hivi!" ukasema, ukacheka hadi punje zikakudondoka. Nami nilicheka, jambo ambalo wenzetu ofisini hawakulizoea.

Kisha kazi ikawa nyingi, nikaacha kukaa nawe. Nikawa natuma maoni yangu kwa simu, katika kundi letu la kazi. Kwa simu mtu husema mambo ambayo hangeyasema akiutazama uso wa mwenzake.

Jioni ile, kabla ya siku ya kuonyesha programu yako kwa wasafirishaji wa mizigo ya kwenda Aru, niliusoma msimbo wako nikiwa nimeudhika, nikaandika maoni mengi. Mtandao ulikuwa umekatika. Maoni yakabaki ndani ya simu yakisubiri, nami nikayasahau.

Kesho yake ulisimama mbele ya wasafirishaji, kompyuta yako imeunganishwa na projekta, na kundi letu la kazi likiwa wazi humo. Mama yako alikaa mstari wa mbele, kwa kuwa vitenge vyake vya kuuza husafiri na magari yao. Ulieleza vizuri: mteja anaingiza namba ya mzigo, anaona umefika wapi. Hapo mtandao ukarudi. Maneno yangu yakaanza kujitokeza ukutani, pembeni mwa kazi yako, moja baada ya jingine: "Huu ni uvivu." "Nani alikufundisha ujinga huu?" "Futa yote." Jina langu lilikuwa juu ya kila moja.

Dereva mmoja alipaza sauti: "Ee mutoto, muzee anakuchapa mpaka ku ukuta!" Chumba kizima kikacheka. Ulitafuta namna ya kuyaondoa, ukabonyeza hapa na pale, yakabaki palepale. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma. Ningeweza kusimama. Nilikaa, nikatazama viatu vyangu.

Watu walipokuwa wakitoka, mlangoni mama yako hakunigombeza. Alisema tu: "Muzee, mutoto alikuwa anakusifu ku nyumba kila siku. Siye tulizani weye iko kama baba yake ya kazi."

Makosa niliyoyataja yalikuwa ya kweli, na nimejificha nyuma ya ukweli huo muda wote huu. Lakini yalikuwa madogo, ya kurekebishwa tukiwa tumekaa pamoja. Uvivu na ujinga havikuwamo katika msimbo wako, niliviongeza mimi. Wasafirishaji hawalijui hilo. Wameiweka programu yako kando, wakisema kwamba hata mkubwa wako hakuiamini.

Watakutana tena. Naweza kwenda kusimama mbele yao, yule dereva akiwemo, mama yako akiwemo, nikasema kwamba programu ni nzuri na kwamba anayestahili kuona haya ni mimi. Ningependa kukuandikia kwamba nimeshaamua. Sijaamua. Katika umri wangu huu, baada ya miaka yote ya kusahihisha wengine, ninaogopa kicheko ambacho wewe ulikistahimili peke yako.

Siwezi kukuomba urudi kabla ya hapo. Nikishaamua, nitakuandikia siku hiyohiyo. Na ikiwa nitakuwa nimeamua kubaki nimeketi, utaisikia aibu hiyo kutoka kwangu mwenyewe, si kwa mtu mwingine.

Mzee wako wa kazini