Nyumba ya Kulala Bila Viatu

Muanda, siku ya Mungu, baada ya misa

Mama yangu mupenzi,

Jambo sana. Uko muzima? Magoti bado yanakusumbua wakati wa mvua? Na ile kuku nyeupe, bado inalala juu ya kabati kama mwenye nyumba? Miye niko muzima, kazi ya kutengeneza friji za wauza samaki inaendelea, ninakula vizuri hata kama huku hawajui kupika sombe ya majani ya muhogo. Neema dada yangu, ninajua ni wewe unamusomea Mama. Soma polepole, na usiruke mahali ambapo nitachekwa.

Mama, ninaandika kwa sababu kwa telefone unaniuliza kama nimekula, halafu unakata. Sasa utanisikia mupaka mwisho. Mwaka jana nilipokuomba uje kukaa na miye, ulijibu: "Nitakuja siku utanipatia nyumba nitakayolala bila viatu." Wewe na Neema mulicheka, miye sikucheka. Tangu mulima utoe moto, na baada ya zile mbio zote za vita, toka kwetu Mapendo kwenda kambini Mugunga, Mugunga kurudi Mapendo, ninajua unalala na viatu miguuni na mufuko wa nguo karibu na kichwa. Basi nikaanza kutafuta hiyo nyumba.

Huku ni mahali pa kimya. Ule mto mukubwa unafika mwisho, unaingia baharini bila kelele, na pembeni kuna miti inayosimama ndani ya maji, mizizi inje. Nyumba ya kwanza niliipata pale pale, hatua kumi toka maji. Fikiri, Mama: kwetu kando ya ziwa ni pa wakubwa! Nikaipima kama mutu wa Goma anavyopima. Nikatazama kama sakafu iko na nyufa. Nikauliza barabara ya kukimbilia iko wapi. Nikazunguka kiwanja chote, parsele nzima, nikitafuta mulima. Hakuna hata mumoja. Chini kwenye ukuta kulikuwa mustari wa kijani. Nikasema ni rangi, mwenye nyumba anapenda mapambo. Nikaingia siku ile ile.

Siku kumi nilikaa kama mufalme. Kisha mwezi ukajaa. Asubuhi nikashusha miguu kutafuta viatu, kwa sababu hata miye, mutoto wako, ninaviweka tayari kando ya kitanda. Miguu ikaingia ndani ya maji. Kiatu kimoja kilikuwa kinazunguka karibu na mulango, cha pili kimeshaenda. Nikakamata mufuko, nikatoka mbio na kiatu kimoja mukononi, ninapiga kelele: "Mukimbie! Mukimbie!" Hakuna aliyekimbia. Mama mumoja alikuwa anapita na mutumbwi wake kuangalia mitego ya kaa. Akanitazama tu. Mukononi alikuwa na kile kiatu kingine.

"Ni chako?" akauliza kwa Lingala.

"Ni changu, Mama. Maji yamekuja!"

"Yanakuja kila siku, mara mbili. Na yanarudi. Mwezi ukijaa ndiyo yanaingia ndani. Haukuona mustari?"

Akacheka mupaka mutumbwi ukatikisika. Miye pia nikacheka, nifanye nini? Kwetu ni mulima ndio unatembea, ziwa linabaki mahali pake. Sikuwaza hata kidogo kwamba maji yanaweza kuwa na saa zao za kutoka na kurudi.

Yule anaitwa Mama Nsimba, mujane. Anakaa kule juu, kwenye udongo mwekundu, mahali maji hayafiki, na ana vyumba viwili ambavyo watoto wake waliviacha walipoenda Kinshasa. Nilipofika kuviona nikaanza tena: nyufa, barabara, mulima. Akanikalisha kwenye kiti.

"Hayo ni mambo mama yako anaogopa," akasema. "Anapenda nini?"

Iliniuma sana kwamba ilibidi nifikiri kwanza. Kisha nikakumbuka: unapenda jua la asubuhi, mahali pa kupanda maharagwe, na mutu wa kubishana naye. Vyote viko, na miye nimeshahamia huku. Kwa kubishana, Mama Nsimba atakuweza. Ameshasema watu wa Goma hatujui kutwanga sombe.

Papa Safari, mufanyabiashara anayekuletea barua hii, atarudi huku mwisho wa mwezi. Amekubali kukusindikiza njia yote. Neema, wewe una bwana na watoto. Mutabaki na ile kuku.

Sisemi huku hakuna shida, Mama. Umeme unaenda, utarudi lini hatujui, na mubu ni wengi. Lakini kuna jambo moja sijamwambia mutu. Juzi asubuhi nilishusha miguu, nikakosa viatu. Nikatafuta chini ya kitanda, nyuma ya mulango, nikawaza labda maji yamepanda mupaka huku juu. Vilikuwa kwenye veranda, pale nilipovivua jioni tukizungumza na Mama Nsimba. Nilikuwa nimelala mupaka asubuhi bila kuvikumbuka. Nilikaa pale chini nikalia kidogo, kisha nikaenda kazini.

Unisalimie muzee Kasereka, jirani wa nyuma anayetuazima chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, na mama mukubwa wa kule Sake, na bwana ya Neema, mwambie ile redio aliyoniomba sijaisahau.

Njiani uvae vile viatu vyako vigumu. Kwenye veranda nimeacha nafasi ya kuviweka, karibu na vyangu.

Mutoto wako,
Bahati