Kibuyu Nilichokuvunjia na Kitabu Ulichonitumia

Mjukuu wangu mpendwa,

Miguu yako imekufa ganzi? Misimu mitatu ya mvua imepita tangu uende Kilosa kwa mumeo. Gari la moshi linapita hapa Dodoma likinguruma kama fahali, wewe hushuki. Unatuma kitabu badala ya uso wako. Kitabu, kwa mimi nisiyejua hata herufi moja! Nilitaka kukifunikia chungu.

Basi sikia. Mwalimu wa misheni, huyu huyu anayeniandikia sasa, alikuja kisimani akatusomea. Unakijua kisima chetu kile kwenye mchanga wa korongo, alichochimba babu yako akakizungushia miiba, wapagazi wasinywe mpaka watoe shanga au nguo. Kitabu kinaeleza habari za watu waliofungua maji yao kwa kila mpita njia, waliopanda miti ya kivuli kando ya njia wasiyopita wenyewe. Mwalimu alipofika kwa mjane aliyemnywesha mgeni, nikamwambia, "Ishia hapo."

Nilikuona wewe. Ulikuwa binti mdogo, umenyoosha mkono juu ya miiba unamnywesha mpagazi aliyepasuka midomo. Nikakipiga kibuyu kikavunjika, nikakuita mwizi wa nyumba yako mwenyewe. Hukulia. Ulisema tu, "Bibi, alikuwa na kiu." Tangu siku ile hukunitazama tena usoni, na nadhani ndiyo sababu hushuki.

Kesho yake baada ya mwalimu kutusomea, nikataka nisomewe tena. Kisha nikachukua panga nikaikata ile miiba yote. Wenzetu wa ng'ambo ya korongo, ambao kisima chao kimekauka tangu kipupwe, wakaja na vibuyu wakinitazama kama mgonjwa. Jirani yangu Mama Chilewa, unaujua ulimi wake, akauliza, "Na hicho kitabu chako kinasema nani atachimba mchanga ukiporomoka?" Mwalimu akafunua, akafunua, hakuona kitu. Wanawake wakacheka. Nikasema, "Basi aliyekiandika hajawahi kuishi Ugogo. Anayekunywa atachimba." Na wanachimba, mjukuu wangu! Jana tulikuwa wengi hata majembe yanagongana, na maji yamefika magotini. Umri wote huu, na usingizi hauniji kwa furaha.

Mwalimu anasema ukurasa wa mwisho unataja vitabu vingine vya namna hii. Vilete, hasa kinachojua habari za kuchimba. Na hiki nakurudishia, wape watu wa huko wakisome. Asiyejua kusoma asomewe, kisha abishane nacho kama mimi.

Ukija, usianze na shikamoo. Pitia kisimani kwanza. Pale palipokuwa na miiba nimetundika kibuyu kipya. Kunywa, kisha ukijaze, umwachie anayekuja nyuma yako. Ndipo uje nyumbani.

Ni mimi bibi yako, niliyekuvunjia kile cha kwanza.