Tata, Hawakusema Habari za Tumbo Lako

Tata, shikamoo.

Najua huwezi kuitikia, lakini mke wa mwanao hawezi kuanza kuongea na wewe bila salamu, hata kama umelala chini ya udongo wa Nyanungu.

Siku ya mazishi walisimama wengi kukusifu. Walisema habari za ng'ombe wako, za ukali wako ulipokuwa kijana, na namna ulivyomlea Marwa, mume wangu, peke yako baada ya mama yake kufariki. Walipofika kwenye ugonjwa, msemaji akainamisha kichwa, akasema, "Aliugua kwa muda mrefu," akapita. Nilikuwa nimekaa nyuma na wanawake. Nilitamani kusimama. Lakini mkwe hasimami mbele ya wazee kumsemea baba mkwe wake, tena mimi mtu wa Singida, niliyeletwa huku na mambo ya dhahabu. Ndiyo maana naandika.

Unakumbuka tulivyoishi kabla ya hapo? Nilikuwa nikikuona unakuja, nazunguka nyuma ya nyumba. Chakula chako alileta Rhobi, mjukuu wako, mimi nikabaki jikoni. Hatukuwahi kupeana mkono wala kula mbele ya mwenzake. Uliniita mokamona, mke wa mwana, na kwa kawaida ya kwenu hilo moja lilitosha.

Kisha ukaanza kutoa damu chooni, ukaficha mpaka nguo zikawa zinakupwaya. Mwanza wakakuta uvimbe kwenye utumbo mkubwa. Wakaukata, wakakutoboa tumboni na kukuwekea mfuko wa kupokea choo mpaka utumbo upone. Marwa alikuwepo siku ya upasuaji, halafu akarudi Geita machimboni asije akapoteza kazi. Dada yake ameolewa ng'ambo ya Sirari na alikuwa ametoka kujifungua. Nikabaki mimi.

Sista Neema, muuguzi wa wodi, alipokuja kutufundisha kubadilisha mfuko, aliuliza, "Anayemhudumia mzee ni nani? Wewe ni binti yake?"

"Mkwe," nikasema.

Naye alikuwa mtu wa Tarime, hakuhitaji kuelezwa. Alisimama tu na mfuko mkononi. Wewe ukasema, "Heri mniache nife." Kisha ukaomba simu, ukampigia kaka yako mkubwa, mkaongea Kikurya kwa muda. Ulipomaliza ukaniambia bila kunitazama, "Anasema ugonjwa hauna mkwe." Ukavuta kofia yako ukajifunika uso. Ndivyo nilivyokuhudumia mara ya kwanza: wewe chini ya kofia, mimi na mfuko, na Sista Neema akiongea habari za mahindi ya kwao ili ukimya usituue.

Miezi ilipita, tukarudi wakauunga tena ule utumbo, wakatoa mfuko. Mimi nilidhani tumemaliza. Kumbe tumbo lililokatwa hulala, na daktari hakuruhusu ule chakula mpaka liamke. Kila zamu ikiingia wauguzi wanakuuliza, "Mzee, umejamba?" Loo, hasira zako! "Sista, mimi nina wajukuu." Wakakuamuru utembee koridoni, mimi nimeshika chupa ya dripu nyuma yako. Wakasema utafune bigijii, eti kutafuna hulidanganya tumbo kwamba chakula kinakuja. Ukatafuna kwa uso wa mtu anayeapa mahakamani. Wagonjwa wenzako wakakuita kondakta, maana makondakta hawaachi kutafuna.

Asubuhi moja ulikuwa umekaa kitandani, ukaniita kwa sauti ya chini.

"Mokamona. Kamwite sista."

"Nimwambie nini, Tata?"

Ukatazama dirishani. "Mwambie upepo umevuma."

Wodi nzima ilisikia. Yule mzee wa kitanda cha pembeni alipiga makofi, na wewe, uliyetaka kufa kwa aibu, ukacheka huku umeshika mshono kwa mikono miwili. Sijawahi kufurahia kitu kama nilivyofurahia upepo ule.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa nyumbani. Choo kilikuja bila hodi. Ulikimbia usifike. Ukaacha kwenda mnadani, ukaacha kanisa, ukaanza kukataa chakula ili kisiwepo cha kutoka. Nilifua nguo zako mapema kabla majirani hawajapita kisimani, na wewe ulijifanya hujui nani amezifua. Nilimpigia Sista Neema nikilia. Akasema utumbo ni kama ndama aliyeachishwa ziwa, unafundishwa upya, na anayeufundisha asiwe na hasira.

Basi tukaufundisha. Asubuhi uji wa moto, kisha chooni, uwe umebanwa au hujabanwa. Fundi akakutengenezea kiti chenye tundu ili usichuchumae. Maharage tukayaweka kando. Ndizi mbivu na wali vilikukaa vizuri. Maziwa mabichi yalikuvuruga, na siku nilipokuambia uyaache uliondoka mezani, ukaenda ukasimama na ng'ombe wako mpaka jua likawa kali. Halafu lile zoezi la kubana na kuachia njia ya choo. Sista alikuambia, "Bana kama mtu ambaye upepo umemshika mbele ya wakwe zake." Ulilifanya huku unachunga. Wakati mwingine ulinyamaza katikati ya maneno, macho yamekutoka kidogo, na mimi nikajua baba mkwe wangu yuko kazini.

Ulitaka kitu kimoja tu: kumwona dada yako kule Morotonga, amezeeka, haoni tena. Uliogopa basi kuliko ulivyoogopa kisu cha daktari. Tulikwenda. Njia nzima ulishika kiti cha mbele, ukafika mkavu. Dada yako alikupapasa uso akasema umekuwa mwembamba kama mwiko. Mkalia wote wawili.

Wakati wa kurudi, tumbo likakataa. Ulisimama katikati ya basi ukamwambia dereva asimame. Akagoma: "Mzee, vumilia, tunakaribia stendi." Ukasema, si kwa ukali, "Mwanangu, nimepasuliwa tumbo. Simamisha gari." Akasimamisha. Nilitandaza kanga yangu kati yako na barabara, nikakugeuzia mgongo. Uliporudi ulipanda taratibu, ukawatazama abiria wote waliokuwa wakikutazama, ukasema, "Asanteni kwa kunisubiri. Twendeni." Hakuna aliyecheka. Mama mmoja akakusogezea nafasi karibu na mlango.

Hiyo ndiyo siku niliyotaka kuisimulia msibani. Walikusifu kwa ujasiri ambao wengi wao waliusikia tu. Mimi ninao nilioushuhudia.

Baada ya pale ulikuwa na miezi mizuri. Ulirudi mnadani, ukarudi kanisani, ukakaa kiti cha nyuma lakini ukakaa mpaka baraka. Kisha macho yakawa ya njano. Ugonjwa ulikuwa umehamia kwenye ini, na daktari akasema kilichobaki ni kukupunguzia maumivu. Nilikasirika, Tata. Tumbo lilikuwa limejifunza kila kitu.

Wiki yako ya mwisho chakula hakikupita tena. Mchana mmoja nilikuletea wali, nikauweka, nikageuka kuondoka. Ukasema, "Kaa." Nikakaa. "Kula." Nikakuambia siwezi kula mbele yako. Ukasema, "Kula, mwanangu, nione mtu akila." Nikala huku machozi yanadondokea sahani, na wewe ukanitazama tonge kwa tonge mpaka usingizi ukakuchukua.

Majuzi alinijia mama mmoja wa ng'ambo ya mto. Mumewe amewekewa mfuko kama wako na amegoma kula. Nilikwenda. Nilimkuta amejigubika blanketi, hataki kuniona. Nikakaa chini, nikamweleza habari zako zote, hata za basi. Nisamehe, maana nililitaja jina lako, jina ambalo mkwe halitaji. Alikuwa anakufahamu kutoka mnadani. Blanketi likashuka kidogo.

"Hata yeye?" akauliza.

"Hata yeye."

Kisha akamwambia mkewe alete chakula chochote kilichokuwepo.

Nilitoka pale natembea haraka, karibu kukimbia, kwa furaha ya kuja kukusimulia. Nilipofika kwenye zizi ndipo nikakumbuka. Marwa, aliyekuwa bado hajarudi machimboni, alinikuta nimekaa chini. Alikaa na yeye.

Pumzika, Tata. Hakuna tena wa kukuharakisha wala wa kukuuliza maswali ya aibu. Nimeyasema wasiyoyasema, na heshima yako imebaki palepale.

Ni mimi, mama Rhobi,
mokamona wako uliyemwita mwanangu.