Nyuma ya Pazia Lako, Aikaeli

Mwaka umeshazunguka, Aikaeli, tangu ututoke, na sebule yetu hapa Thornton Heath, London, bado ina ile misumari miwili ya pazia. Mumeo Ambrose hataki kusikia habari ya kuing'oa.

Chuoni walikujua kwa utafiti wako wa kutawazwa kwa malkia wa Uingereza wa ukoo wa Tudor, Mary na Elizabeth. Sisi tulikujua kwa kutokutuacha tuoshe vyombo kwa amani. "Vitabu vimejaa maaskofu," ulilalamika. "Mimi nawataka wanawake waliomvua malkia na kumvika nyuma ya pazia, kanisa zima likisubiri." Basi ukatundika pazia sebuleni, Ambrose akawa askofu, sufuria ikawa taji, na mdogo wako Restuta akakuvisha gauni la kitenge lenye vifungo kibao. Askofu akageukia pande zote nne, kama desturi ya kutawaza, akauliza: "Mnamkubali?" Binti yenu Emma akajibu, "Yes!" Ukapaza sauti kutoka nyuma ya pazia: "Kwa Kiswahili, mwanangu, la sivyo sitoki!" Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Ulipozidiwa, ulimshika Restuta mkono. "Siku hiyo univishe wewe, mdogo wangu. Asinivishe mgeni." Akaapa.

Asubuhi ya mazishi foleni ya magari ilituchelewesha. Daisy, mhudumu wa pale ulipohifadhiwa, alisema muda umekwisha, gari liko nje, wao watakuvisha. Restuta hakupandisha sauti. Alisimama mlangoni amelikumbatia gauni lako. "Nilimwahidi dada yangu. Gari lisubiri." Daisy alitazama saa, akamtazama usoni, akamfungulia.

Ndani, alianza kukuvisha. Kifungo cha kwanza kiliteleza, akajaribu tena, kikateleza. Daisy akabisha hodi. Restuta akalia kwa hasira, maana aliiona ahadi aliyokupa ikimponyoka. Ndipo Ambrose, aliyekuwa nje ya mlango na Emma, akauliza kwa sauti iliyokwaruza:

"Mnamkubali?"

Daisy hakubisha tena.

"Ndiyo, Mama!" Emma akapiga kelele. "Ndiyo! Ndiyo!"

Restuta alifuta macho, akafunga vifungo vyote hadi cha shingoni, kisha akafungua mlango mwenyewe.

Unakumbukwa na mumeo Ambrose, binti yako Emma, mdogo wako Restuta, na ndugu zako wote wa London na Moshi. Hatujakusahau, wala hatutakusahau. Tukiulizwa hata leo, jibu letu ni lile lile.