Mzee, Usinisifu

Jumatatu, 4 Machi
Nimekataliwa tena. Eti, dada, sifa zako zimezidi nafasi hii, utaichoka upesi utuache. Yaani nimekosa kazi ya kuandika programu kwa sababu naijua! Ile kampuni ya mji mwingine bado inanitaka. Cheo, mshahara mnono, jibu mwisho Ijumaa. Na mama nimwachie nani? Tangu apooze upande mmoja, hata kijiko namshikia mimi.

Jumanne, 5 Machi
Mdogo wangu kasema nipunguze sivii yangu ya kuombea kazi. Tumekaa mezani tukiifyeka. Shahada ya pili, nje. Ukuu wa idara, nje. Ule mfumo wa hospitali nilioujenga mwenyewe — nikasita. Akaufuta yeye. Mama akauliza kutoka kitandani, mbona kimya hivyo, tunamzika nani? Tukacheka. Mimi kidogo tu.

Jumatano, 6 Machi
Wameniita kesho! Kampuni ndogo, ngazi ya wanaoanza, mtaa wa pili tu kutoka nyumbani. Ila wanataka namba ya bosi wangu wa mwisho, wampigie. Balaa! Bosi mwenyewe ni Mzee Sifa. Tulimpa jina hilo kazini kwa sababu akianza kukumwagia sifa mbele za watu, unatamani ardhi ipasuke.
Nikampigia. Mzee, nakuomba usinisifu. Akadhani naumwa. Nilipomweleza akafoka: hajawahi kumsingizia mtu wake, hataanza na mimi. Nikamtajia hali ya mama. Akasema haya basi, atasema mimi ni wa kawaida.

Alhamisi, 7 Machi
Niko koridoni kwao, daftari mapajani. Mtihani ulikuwa wa kitoto. Nilikosea mara mbili makusudi. Msaili kaniambia nisubiri nje, ampigie bosi wangu. Mlango haukufunga vizuri, na simu kaiweka spika.
"Huyo? Wa kawaida tu. Anajitahidi."
Anajitahidi! Mimi! Nimeomba mwenyewe, najua. Imenichoma hata hivyo.
Msaili anauliza kama huwa nachelewa kazini. Mzee anajibu, mara mojamoja. Mwongo! Sijawahi!
Msaili anacheka. Sauti yake imelegea, nadhani wananichukua. Sasa anauliza la mwisho: mzee, wewe ungemwajiri tena?
Mzee anakohoa.
Namjua mzee, akikohoa hivyo uvumilivu umemwishia.
"Mwanangu," anasema, "ngoja nikwambie ukweli —"
Nyamaza, mzee. Nakuomba, nyamaza!
Hapana. Sema.