Noti ya Tatu Isiyokuwa Kwenye Kinanda

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla aibu haijanizidi. Mimi ni fundi wa vinanda, mwaka wa ishirini na sita huu, na tangu ujana nikibonyeza noti mbili za juu kwa pamoja nasikia ya tatu, nzito zaidi, ambayo haipo kwenye kinanda, na wenzangu wakanicheka hadi nikanyamaza, mpaka mdogo wangu wa kike, mwalimu wa hesabu anayesomea shahada ya juu, aliponiambia, "Kaka, huna wazimu. Sikio lenyewe ndilo linaloitunga," akanionyesha kwenye kompyuta sikio la ndani alilolijenga kwa hesabu tupu, mfereji uliojikunja kama konokono, wenye vinyweleo vinavyocheza na kuikuza sauti ndogo, na katika kuikuza vinaipinda, ndipo noti ya tatu inapozaliwa; akaniambia niiimbe, nikaiimba, na hesabu zake zilikuwa zimeitaja ileile, mshauri, machozi yalinitoka. Basi akaniwekea kinasa sauti kidogo sikioni na kuzipiga zile noti mbili, maana sikio lenye afya huirudisha noti ya tatu nje. La kulia likaitoa, la kushoto kimya. Akasema vinyweleo vya kushoto vimeanza kufa kwa kelele za mashine yangu ya randa ninayolainishia mbao za vinanda, nami nikafoka, "Umekuja kunizika kazini kwangu?" nikamfukuza mbele ya wateja, na sasa wiki ya tatu hatuzungumzi, ingawa sijawahi kuona mtu mwenye akili kama yake. Nifanyeje?

Fundi

Ndugu fundi, pole, lakini umekosa adabu. Miaka yote hiyo umechekwa, na mtu wa kwanza kukuamini ndiye uliyemtimua! Sikio lako limeharibiwa na mashine, yeye kakuambia tu. Barua yako nilimsomea daktari wa masikio ninayemwamini. Akaniomba nirudie, kisha akasema, "Huyo dada ningependa kumpa mkono." Mimi pia. Kukaa na namba mpaka ujue kinacholia ndani ya kichwa cha mwenzako, si jambo dogo.

Daktari anasema vinyweleo vilivyokufa haviponi, ila vilivyobaki vinaweza kulindwa. Kwa hiyo usiwashe tena mashine bila vizibo vya masikio, na wiki hii nenda hospitali ukapimwe vizuri.

Lakini kwanza mfuate mdogo wako nyumbani kwake. Usipige simu, usimtume mtu. Akifungua mlango usianze kujieleza. Omba radhi, na siku hiyo usimwite "mdogo wangu". Mwite "mwalimu".