Ushahidi Wangu Juu ya Mguu wa Hamisi

Mjukuu wangu Zaina,

Shikamoo yako imefika Kerenge, marahaba. Tu wazima, mahindi yamebeba vizuri.

Umeuliza, kwa kuwa unasomea sheria, kama nimewahi kumwona mtu akidai fidia kwa madhara ya chanjo. Nimemwona: mke mwenzangu, zamani. Alidai sindano imemlemaza mwanawe, Hamisi. Nilijua mtoto alichechemea tangu alipoanza kutembea, kabla ya sindano hiyo, ila nilinyamaza, mpaka nikasikia kwamba akilipwa atajenga nyumba ya bati. Yeye bati, mimi nyasi! Kesho yake nikaenda Korogwe, nikawaeleza waliokuwa wakisikiliza dai lake. Likafutwa.

Nilisema kweli, Zaina, lakini wivu ndio ulionipeleka.

Siku hizi Hamisi ndiye anayenichotea maji, akichechemea. Na bado namwonea wivu marehemu mama yake, kwa kumzaa yeye.

Bibi yako